Kufuli la Jirani

Mzigo wa magauni ya Krismasi ulifika Tunduma asubuhi ya Krismasi yenyewe, saa kumi na mbili na robo, juu ya Fuso lililokuwa limekwama Makambako siku mbili kwa kukatika springi. Sekela alikuwa amesimama kwenye baraza la duka lake tangu saa kumi na moja, kitenge kimezungushwa mabegani kwa ajili ya baridi. Aliposikia breki zikilia hakujua kama acheke au alie.

"Mama, nisamehe," alisema Deus, dereva, akishuka huku akijinyoosha kiuno. "Nimelala chini ya gari siku mbili. Fundi ananiambia kesho, kesho."

"Umekula?"

"Chai tu, pale Vwawa."

"Basi shusha ukale. Springi hukuikata wewe."

Salfeti mbili, yale magunia ya plastiki, zilishushwa zikaegemezwa mlangoni. Ndani yake mlikuwa na magauni mia moja na ishirini ya watoto wa kike, mekundu na meupe, yenye utepe kiunoni. Sekela alikuwa ameweka humo mtaji wake wote, milioni moja na laki mbili. Kumi na manne yalikuwa yameshalipiwa na kina mama wa Mpemba, mtaa anakoishi. Yaliyobaki ndiyo yaliyokuwa yampeleke binti yake Tumpale kidato cha kwanza, shule ya bweni huko Njombe: godoro, tranka, mashuka, sare, blanketi zito. Shule ingefunguliwa wiki ya pili ya Januari, na gauni la Krismasi lisilouzwa Krismasi huwa halimpeleki mtu popote.

Mlango wa duka ulikuwa na makufuli mawili. La juu lilikuwa lake. La chini, kubwa, la shaba, lilikuwa la Zahoro, jirani yake anayeuza suti na viatu vya kiume. Mstari ule ulikuwa na milango kumi na miwili, na asubuhi ile yote ilikuwa hivyo hivyo, makufuli mawili mawili, jozi sita za majirani waliofungiana.

Zamani wote walikuwa wanafungua Krismasi, na Idi pia, si kwa kupenda bali kwa kuogopa. Kila mmoja alisema, nikifunga mimi, wa pili atafungua. Wakawa wanashinda dukani siku nzima wakitazamana, watoto wao wanakula pilau na majirani, na mauzo ya siku ile yanakuwa yale yale ambayo wangeyapata jana yake au kesho yake. Miaka sita iliyopita Sekela alisimama kwenye kikao akapendekeza kwamba siku ya sikukuu kila mtu afungiwe duka na jirani yake. "Si kwamba hatuaminiani," aliwaambia. "Ni kwamba tunajijua." Walicheka, wakakubali, wakamfanya mwenyekiti.

Sasa mwenyekiti alikuwa amekaa juu ya salfeti zake, mbele ya mlango aliofungiwa kwa kanuni yake mwenyewe.

Deus alipokuwa akiondoa gari, Zahoro alitokea kwenye kona, amevaa sweta na kofia yake nyeupe, viatu havijafungwa kamba. Alikuwa mtu wa Kondoa, umri wa miaka sitini na ushee, na hakuwa na kawaida ya kutoka nyumbani kabla jua halijapanda.

"Nimesikia Fuso," alisema. Alitazama kushoto na kulia, kisha akatoa mkono mfukoni. Ufunguo ulikuwa umefungwa uzi mwekundu. "Mama Tumpale, watu bado wamelala. Nakufungulia, unauza mpaka saa nne, nafunga. Nani atajua?"

"Mimi na wewe."

"Mimi nimeshasahau."

Sekela aliutazama ule uzi mwekundu. Ulimkumbusha ufunguo wake mwenyewe, vizuri kuliko alivyotaka. Idi iliyopita watu watatu kutoka Nakonde, upande wa Zambia, walimfuata Zahoro wakitaka suti nane za harusi ya kesho yake, kwacha zao mkononi. Zahoro alimtumia ujumbe, naye Sekela akaja. Alisimama pale pale, ufunguo wake unaning'inia kidoleni, akasema kwa sauti ya mkutanoni: "Mzee Zahoro, kanuni ni kanuni. Hata ukilia." Wapita njia walicheka. Wale wageni walirudi kwao wakanunua suti huko. Zahoro hakulitaja tena jambo hilo.

"Rudi ukalale, Mzee Zahoro," alisema sasa, taratibu. "Nashukuru. Lakini rudi ukalale."

Zahoro alisimama kidogo, kama mtu anayesubiri sentensi iishe. Kisha akaurudisha ufunguo mfukoni, akaita bajaji iliyokuwa inapita, akashika salfeti upande mmoja, wakapakia pamoja.

*

Huko Mpemba, mumewe Anyosisye alikuwa uani ananawa mikono kwa sabuni ya unga. Kazi yake ilikuwa kuziba pancha kando ya barabara kuu, na hata asubuhi ile alikuwa ameshaitwa mara moja.

"Krismasi njema," alisema Sekela.

"Tairi halijui Krismasi." Aliziona zile salfeti. "Zimefika."

"Zimefika."

"Na Zahoro?"

"Alikuja na ufunguo mwenyewe. Sijamwomba."

Anyosisye alijifuta mikono polepole. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na maneno machache aliyokuwa nayo aliyapanga kwanza. "Ukamkatalia."

"Nikamkatalia."

"Tumpale anaripoti baada ya wiki mbili na nusu, mama. Njombe kuna baridi ya kuua nyuki."

"Najua baridi ya Njombe."

"Sikulaumu. Nauliza tu. Hapa nyumbani si dukani. Tukitandika mkeka hapo nje, tukauza, kuna kosa?"

"Kanuni inasema: si mlangoni, si uchochoroni, si nyumbani. Neno 'nyumbani' niliandika mimi, mwaka jana, baada ya Jofrey."

Jofrey alikuwa muuza viatu wa mlango wa tisa. Krismasi iliyopita alitoa mzigo jana yake, akauzia uchochoroni nyuma ya mashine ya kusaga, akashikwa. Sekela alimpiga faini elfu hamsini, akaisoma kwenye kikao mbele ya wote.

"Kwa hiyo umejifungia kotekote," alisema Anyosisye, na midomo ikamcheza kidogo. "Hata dirisha hukubakiza."

"Cheka tu."

"Nifanye nini kingine? Nimeoa sheria."

Tumpale alitoka ndani akiwa na ndoo ya maji. Alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu kama baba yake, na alikuwa amesikia yote. Akaitua ndoo. "Mama, yale yaliyolipiwa je?"

Sekela akageuka.

"Yale kumi na manne. Yale si yako tena. Ukimpelekea mtu kitu chake, hapo umeuza?"

Wazazi wakatazamana. Anyosisye akasema, "Huyo apelekwe Njombe hata kwa miguu."

*

Magauni yalikuwa yamechanganywa saizi, ikabidi wabebe salfeti nzima kwenye bajaji ili wampatie kila mmoja la kwake. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Frida, mama wa mapacha, karani wa mizigo mwenye ulimi usiopumzika. Alifungua akiwa na rola za nywele kichwani.

"Hii ni Krismasi ya mwaka gani unayoniletea?"

"Ya leo, Mama Kulwa. Ibada ni saa nne, sasa ni saa mbili na nusu."

"Uliniambia tarehe ishirini na tatu. Wanangu wamelala wanalia. Nimempigia simu shangazi yao aniazime magauni, mimi, niazime nguo Krismasi!"

"Nilikwambia ishirini na tatu. Nimechelewa. Nisamehe."

Frida aliyachukua yale magauni mawili, akayageuza ndani nje, akavuta nyuzi za pindo akitafuta kosa. Hakulipata. Akafunga mlango bila asante. Sekela alikuwa ameshageuka aliposikia mlango ukifunguliwa tena kwa kishindo, na pacha mmoja akatoka mbio hadi barabarani, mkono mmoja ndani ya gauni, mwingine nje, akipiga kelele kwa furaha. Ukafuata mkono wa Frida ukimrudisha ndani.

"Hizo ndizo asante," alisema Tumpale.

Nyumba saba walizimaliza. Magauni matano yaliyobaki yalikuwa ya kina mama waliokuwa wameshatoka kwenda kanisani, hivyo wakawafuata getini. Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Salfeti ilipofunguliwa, na nyekundu ile ikaonekana, wanawake waliacha kusalimiana.

"Ee! Kumbe yamekuja! Mama Tumpale, la miaka sita unalo?"

"La miaka minne, elfu ishirini hii hapa, sitaki chenji."

"Mimi mawili! Mawili!"

Bibi mmoja mgeni kutoka Nakonde, aliyekuja kula sikukuu kwa mkwe wake, alimshika mkono kwa mikono miwili. "Napapata, bamayo," alimsihi kwa Kibemba, na noti za kwacha zilikuwa zimekunjwa ndani ya viganja vyake. Nyuma yake mjukuu wake alikuwa amevaa sketi ya shule iliyopigwa pasi.

"Leo natoa vilivyolipiwa," alisema Sekela. "Siuzi."

"Kwani hapa ni dukani? Hapa ni kanisani!" mwanamume mmoja alipaza sauti, na watu wakacheka.

"Mama, noti hii ina ugonjwa gani?"

"Natoa, siuzi," alirudia. Pale getini palikuwa na wateja arobaini, labda hamsini, pesa mkononi. Alilijua godoro lilikokuwa: katika mikono ya wale watatu wa mbele. Tranka lilikuwa kwa yule mwenye miwani. Blanketi lilikuwa kwa yule bibi wa Nakonde. Alitumbukiza mikono yote miwili ndani ya salfeti akitafuta gauni la mwisho, na aliiacha humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu hakuiamini ikiwa nje.

Ndipo aliposikia sauti anayoijua.

"Ndugu wanachama wa mstari wetu, Krismasi njema. Mwenyekiti wenu huyu hapa, na salfeti yake." Jofrey alikuwa amepanda juu ya jiwe, simu imeinuliwa juu, anarekodi. "Leo elfu hamsini yangu inarudi. Endelea, mwenyekiti, uza. Grupu zima linaona."

"Shuka hapo, Jofrey, utaanguka," alisema Sekela.

"Usibadilishe mada. Mbona mumeo yuko barabarani anaziba pancha? Yeye si mtu? Mama lishe wanapika leo, manesi wako kazini, boda wanabeba. Ni sisi tu wa mstari wako ndio tumegeuzwa watakatifu?"

Watu wakamgeukia Sekela, kwa kuwa lilikuwa swali la haki. Sekela naye aliliona hivyo, akalifikiria kabla ya kujibu.

"Dereva aliyepasukiwa amekwama, Jofrey. Mgonjwa amekwama. Gauni halijakwama." Akainua kichwa. "Na usidhani haliniumi. Mtaji wangu wote uko humu, nawe unajua. Lakini nikiuza hili moja, Krismasi ijayo utakuwa na mzigo uliochelewa wewe, mwaka unaofuata atakuwa nao mwingine, na mwaka wa tatu tutarudi kukaa milangoni tukitazamana. Nilipokupiga faini mwanao alikuwa mgonjwa. Ulisema, sikukusikiliza. Siwezi leo kujisikiliza mimi."

Simu ya Jofrey ilishuka kidogo, kisha ikapanda tena.

Yule bibi wa Nakonde alimshika tena mkono. Sekela akaanza kufungua mdomo, na hata yeye mwenyewe hakuwa na uhakika wa neno litakalotoka. Ndipo Tumpale alipoinama, akampa mama wa mwisho gauni lake, akakusanya midomo ya salfeti, akaizungusha kamba mara tatu na kukaza fundo kwa meno.

"Mama," alisema, "kengele imelia."

*

Baada ya chakula Sekela alipanda bajaji kurudi mjini, na bakuli kubwa mapajani: wali, na nusu ya kuku aliyechinjwa jana yake na Zahoro mwenyewe, kama kila mwaka, ili nyumba zote mbili zile bila wasiwasi. Mkewe Zahoro, Fatu, alimpokea mlangoni akamkalisha uani. Zahoro alikuwa anakata kucha.

"Mwenyekiti. Nimeiona video."

"Nani hajaiona?"

"Jofrey aliirusha kwenye grupu bila neno lolote. Kwa Jofrey, hiyo ni hotuba."

Sekela hakucheka. Aliweka mikono magotini. "Mzee Zahoro, Idi iliyopita nilikwambia 'hata ukilia', mbele ya wageni wako."

"Ulisema."

"Kanuni ilikuwa sahihi."

"Ilikuwa."

"Mimi sikuwa sahihi. Ningeweza kuja pembeni, nikakunong'oneza kama ulivyoninong'oneza wewe leo. Nilitaka watu wanione. Nimekuja kusema hilo. Nisamehe."

Fatu, aliyekuwa anafunua bakuli, aliacha mfuniko hewani. Zahoro alimaliza ukucha aliokuwa nao, akapuliza kidole.

"Siku ile niliumia," alisema. "Si suti. Suti niliuza baadaye. Nami nikuambie la kwangu. Leo nilikuja na ufunguo mkononi, lakini njia nzima nilikuwa namwomba Mungu usiupokee."

"Ungenifungulia?"

"Wallahi ningekufungulia, hata ningekupangia magauni. Ila Idi ijayo ningekuja na kufuli langu dogo, la sanduku. Ningejua halina kazi."

Fatu ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote. Alipomsindikiza mgeni wake hadi barabarani, alimshika kiwiko. "Mama Tumpale, Idi ni Machi. Na sisi tuna watoto wa kike. Yatunze yasishike vumbi."

"Machi ni mbali kwa Njombe, Bi Fatu."

"Ni mbali," alikubali Fatu, na hakujaribu kuifupisha.

*

Siku iliyofuata makufuli yalitolewa, na Sekela akauza magauni ishirini na nane kwa bei ile ile aliyonunulia. Mengine aliyakunja. Pesa ile ilitosha sare, viatu, mashuka, ndoo, na nauli. Tranka lilipatikana kwa Anyosisye: sanduku lake la zana, alilolikwangua kutu na kulipaka rangi ya bluu mara mbili, zana zake zikahamia kwenye kiroba. Blanketi lilikuwa la kitanda chao. Godoro pia. Usiku wa kwanza walipolala kwenye mkeka, Anyosisye alisema amekuwa akitafuta sababu ya kunyoosha mgongo tangu aoe.

Asubuhi ya safari, stendi ilikuwa imejaa wazazi na wanafunzi. Magodoro mapya yalikuwa yamesimamishwa kando ya mabasi, bado ndani ya nailoni, yanang'aa. La Tumpale lilikuwa limebonyea katikati pale wazazi wake walipolalia miaka kumi na miwili, ingawa Sekela alikuwa amelishonea foronya mpya ya kitenge. Konda alilipiga kofi, likatoa vumbi kidogo.

"Mama, hili nalo linaenda shule au limestaafu?"

Baadhi ya watu walicheka. Sekela aliinama kukaza kamba iliyokuwa imekaza tayari. Angeweza kumjibu konda. Siku nyingine angemjibu.

"Subiri," alisema mama mmoja kwenye foleni, aliyekuwa na godoro lake la nailoni na binti wa kulingana na Tumpale. Alimtazama Sekela usoni, akasogea. "Wewe si yule mama wa Mpemba? Wa ile video ya 'natoa, siuzi'?"

Stendi nzima iligeuka, ndivyo alivyoona Sekela. Hakujua kama lile swali lilikuwa la heshima au la kumcheka. Tumpale ndiye aliyejibu. Alikuwa ameshapanda ngazi ya basi. Akashuka, akaliinua lile godoro akaliweka kichwani mwenyewe, akasimama wima chini yake.

"Ndiye," alisema. "Ni mama yangu."